Ukiachwa kwa mataa, tafuta mti

Wiki hii kuna mtu mtaani kwenu ameachwa. Huenda ni jirani wa keja ya pili, huenda ni makanga wa mathree unayopanda asubuhi, huenda ni wewe mwenyewe unayesoma hapa. Mtu kama huyu hajifichi. Anacheka wenzake wakicheka, lakini kila dakika mbili anageuza simu kuangalia kioo. Chakula anakichezea tu. Halafu anakuuliza maswali ya ajabu ajabu: mtu akiwa hewani saa nane za usiku, anaongea na nani?

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kuachwa nako ni kikohozi cha pili.

Dawa zetu sote tunazijua. Mmoja anakuletea mzinga. Mwingine anakwambia mapenzi ni kama matatu, ukikosa hii ngoja nyingine. Mwingine anakutafutia mresh au chali wa haraka haraka ili "usahau". Sijawahi kusikia mtu akimwambia mwenzake: msee, twende tukakae chini ya mti.

Mimi si daktari na sina digrii. Chuo niliaga nikiwa mwaka wa pili, na tangu hapo nasomea kwa simu bando ikiniruhusu. Lakini hili swali limenikalia kichwani: mtu akiachwa, akili yake huwa inafanya nini hasa? Na kwa nini miti, kati ya vitu vyote, inaonekana kuigusa?

Arosto ya mapenzi

Mwaka wa 2010 mtafiti wa Marekani, Helen Fisher, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu vijana 15 walioachwa siku si nyingi na ambao bado walikuwa wanapenda. Waliingizwa mmoja mmoja kwenye mashine inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini. Kila mmoja alionyeshwa picha ya yule aliyemwacha, kisha picha ya mtu wa kawaida anayemfahamu. Katikati ya picha hizo walipewa hesabu: chukua namba kubwa, rudi nyuma ukitoa saba, toa saba tena, endelea. Kazi ya hesabu hiyo ilikuwa kufagia kichwa, hisia za picha moja zisivuke hadi nyingine.

Hebu fikiria. Ilibidi watu wapewe hesabu ngumu ndipo waache kumfikiria eks kwa sekunde chache.

Vijana hao walisema wanamuwaza aliyewaacha zaidi ya asilimia 85 ya muda wanaokuwa macho. Ukiamka saa kumi na mbili asubuhi na kulala saa nne usiku, hizo ni zaidi ya saa 13 za mtu mmoja kichwani. Kazi gani utafanya? Masomo gani yataingia?

Sehemu za ubongo zilizowaka walipoona picha ni zile zinazohusika na kutamani na kusaka zawadi. Baadhi ya sehemu hizo ndizo huwaka pia mtu aliyezoea kokeini anapoitamani. Watu wa Pwani wana neno la hali ya mraibu aliyekosa kitu chake: arosto. Kumbe mtu aliyeachwa hasumbuliwi na ujinga wala udhaifu. Ana arosto. Mwili unadai kitu ulichozoea kupewa kila siku, na kitu chenyewe kimehama na namba ya simu.

Mwaka uliofuata, 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwachukua watu 40 walioachwa ndani ya miezi sita iliyotangulia. Mara waliwaonyesha picha ya eks, mara waliwachoma kidogo mkononi kwa kifaa cha joto. Baadhi ya sehemu za ubongo ziliitika kwa yote mawili. Wataalamu bado wanabishana kama maumivu hayo mawili ni kitu kimoja kweli, lakini mtu akikwambia kifua kinamuuma tangu aachwe, usimcheke.

Habari njema imo katika ule utafiti wa Fisher. Kadiri siku zilivyopita tangu mtu aachwe, ndivyo sehemu moja inayohusika na kumshikilia mpenzi ilivyozidi kupoa. Kwa hivyo muda unafanya kazi. Tatizo ni jinsi ya kuishi ndani ya huo muda bila kujimaliza.

Akili inayocheua

Ng'ombe akishakula, hulala chini na kurudisha nyasi mdomoni akazitafuna upya. Tunaita kucheua. Akili ya mtu aliyeumizwa hufanya vivyo hivyo. Inarudisha ule ujumbe wa mwisho, inautafuna, inaumeza, baada ya dakika tano inaurudisha tena. Angenijibu hivi ningesema vile. Siku ile alikuwa ashapanga. Yule rafiki yake alijua. Tofauti ni kwamba ng'ombe hupata lishe kwa kucheua. Wewe hupati kitu.

Na simu inazidisha. Mraibu wa kawaida hutafuta doo, atoke nje, amtafute muuzaji. Mwenye arosto ya mapenzi ana duka zima mfukoni: stetasi, picha za zamani, saa aliyoonekana mara ya mwisho. Kila ukichungulia umejidunga sindano nyingine ndogo.

Sasa tuje kwa miti. Mwaka wa 2015 Gregory Bratman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwagawa watu 38 makundi mawili. Kundi moja lilitembea dakika 90 mahali penye nyasi, vichaka na miti. Kundi la pili lilitembea dakika 90 kando ya barabara kubwa yenye magari mengi. Kabla na baada ya matembezi waliulizwa maswali kuhusu huku kucheua mawazo mabaya kujihusu, na ubongo wao ukapigwa picha. Waliotembea penye miti walicheua kidogo kuliko kabla ya kwenda, na sehemu moja ya ubongo inayohusishwa na tabia hiyo ilikuwa imetulia. Wa barabarani hawakubadilika.

Kumbuka hawa hawakuwa watu walioachwa, walikuwa watu wa kawaida wa mjini. Ila kucheua ni kucheua.

Maelezo ninayoyaelewa zaidi ni ya Rachel na Stephen Kaplan, wanasaikolojia wa Michigan. Wanasema akili ina umakini wa aina mbili. Kuna ule wa kulazimisha. Ukivuka Tom Mboya saa kumi na moja jioni unautumia wote: shika simu vizuri, kwepa mkokoteni, angalia bodaboda, usimkanyage mama wa nyanya, mkatae anayekuvuta uingie mathree yake. Umakini huo huchoka kama msuli, na ukichoka huna nguvu ya kuyafukuza mawazo yanayokutesa. Halafu kuna umakini usiotoa jasho. Jani linatikisika, unaliangalia. Ndege anaruka, unamfuata kwa macho. Hakuna anayekudai kitu. Wakati huo ule msuli wa kwanza unapumzika.

Mwaka jana nilimsindikiza rafiki yangu, fundi wa simu hapa mtaani, hadi msitu wa Karura. Mtu aliyeachwa huku kazi yake ni kushika simu kutwa nzima, hebu wazia. Saa nzima ya kwanza alikuwa ananisimulia stori niliyokwisha kuisikia mara kumi. Kisha wakatokea mbega, wale nyani weusi wenye manyoya marefu meupe mgongoni na mkiani, wakawa wanaruka kutoka mti hadi mti juu yetu. Akanyamaza. Akauliza, "Hawa huwa hawaanguki?" Tuliongea juu ya mbega kwa karibu nusu saa. Kurudi kwenye stage alianza tena hadithi ya manzi, lakini ile nusu saa aliipata, na kwa maelezo yake ilikuwa ya kwanza katika wiki tatu.

Sitakudanganya kwamba mti utamrudisha mtu wako. Hata utafiti mkubwa uliotoka Uingereza mwaka wa 2019, uliohusu karibu watu 20,000, ulionyesha tu kwamba wanaokaa penye asili angalau dakika 120 kwa wiki huwa wanasema wana afya na hali nzuri zaidi. Haukuthibitisha kwamba miti ndiyo sababu, huenda wenye hali nzuri ndio wanaopata nafasi ya kutembea. Lakini dakika 120 kwa wiki si kitu. Ni pungufu ya muda wa filamu mbili.

Kilichotokea 1977

Wakenya wengi wanamjua Profesa Wangari Maathai kwa mambo mawili: miti na Tuzo ya Amani ya Nobel aliyopata mwaka wa 2004. Wachache wa rika letu wanajua kuhusu ndoa yake.

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Wangari na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji hapa Nairobi. Hapo ndipo lilipoanzia Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Mwaka huohuo mume wake aliondoka nyumbani. Watoto walikuwa watatu, wadogo. Kesi ya talaka ilifika mahakamani mwaka wa 1979 na magazeti yakaandika kila kitu. Mumewe alitaka hata jina lake alirudishe. Yeye akaliongezea herufi moja: Mathai likawa Maathai.

Fikiria kuachwa kwako kukiwa ukurasa wa mbele wa gazeti, na gazeti lenyewe linasomwa na wanafunzi wako, majirani, mpaka mama mboga.

Sisemi alipanda miti kwa sababu ya kuachwa. Miti ilitangulia. Sisemi pia kwamba miti ilimponya, hayo alikuwa nayo mwenyewe moyoni. Ninachoona ni kwamba mwaka nyumba yake ilipovunjika, alikuwa tayari ameshika kazi ambayo haikumtegemea mume, hakimu wala mwandishi wa habari. Mche ukiupanda leo, kesho unataka maji. Hauulizi kama umelala, haujali nani amesema nini. Unaamka unaumwagilia. Hata ile miti saba ya Kamukunji haikudumu yote, lakini iliyofuata ilihesabiwa kwa mamilioni.

Penye miti

Methali inasema penye miti hapana wajenzi. Aliyeitunga hakuwahi kuishi Nairobi. Hapa penye miti wajenzi ni wengi na ramani wanazo.

Mwaka wa 1989 ilipangwa kujengwa ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru. Wangari aliandika barua kila upande, akatukanwa hadi bungeni, na talaka yake ikatumika kumkejeli: mwanamke aliyeachwa atatufundisha nini? Wafadhili wakajiondoa. Jengo halikujengwa. Leo ukijilaza pale kwenye nyasi Jumapili, umejilaza mahali ambapo pangekuwa lifti.

Miaka mitatu baadaye, mwishoni mwa Februari 1992, akina mama ambao wana wao walikuwa wafungwa wa kisiasa walikuja kuketi kwenye kona ya bustani hiyohiyo. Wakagoma kula. Wangari aliketi nao. Tarehe 3 Machi polisi walikuja na vitoa machozi na marungu. Baadhi ya akina mama walivua nguo, na kila Mkenya anajua mama wa umri huo akivua nguo mbele yako amekwambia nini. Wangari alipigwa hadi akazirai. Akina mama hao walihamia kanisa la All Saints lililo karibu na hapo, wakakaa miezi na miezi, mpaka mapema 1993 karibu wana wao wote walikuwa wameachiliwa. Kona ile tunaiita Freedom Corner hadi leo.

Huwa nawaza kuhusu akina mama hao ninaposikia vijana wenzangu wakisema mapenzi ni utapeli. Mapenzi yale hayakuwa na stetasi. Yalikuwa wanawake wazee wamekaa chini wakisubiri. Nao walihitaji mahali pa kukaa ambapo hapana mwenyewe wa kuwafukuza kwa sababu hawajanunua soda.

Karura nayo ilikuwa karibu ituponyoke. Sehemu za msitu ziligawiwa wajenzi binafsi, na Januari 1999 Wangari na wenzake walipokwenda kupanda miti langoni walivamiwa na walinzi. Alipasuliwa kichwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani. Agosti mwaka huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Kwa miaka mingi baadaye watu bado waliogopa Karura, palijulikana kwa majambazi na maiti zilizotupwa. Ni kuanzia 2009, kikundi cha Marafiki wa Karura kilipoanza kushirikiana na Shirika la Huduma za Misitu kuuzungushia ua na kuulinda, ndipo wapenzi na wakimbiaji walianza kurudi. Zaidi ya hekta 1,000 za miti katikati ya jiji. Kuna watu walivuja damu ili fundi wa simu apate nusu saa yake.

Mlango una bei

Lakini tuambiane ukweli. Karura ina kiingilio, na kwa msee wa Kayole au Mukuru kuna nauli ya kwenda na kurudi juu yake. Ukijumlisha na chupa ya maji na mandazi, hiyo ni chakula cha siku mbili. Mitaa inayoizunguka Karura ina miti yake uani. Mitaa inayohitaji kivuli zaidi ndiyo haina hata mti wa kuanika nguo. Kiwanja tulichochezea chandimu tukiwa watoto kimegeuka maegesho, kando ni vibanda, nyuma ni ghorofa ya keja za chumba kimoja ambayo jua haliingii.

Mtafiti mmoja wa majengo na mazingira, Roger Ulrich, alilinganisha wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa nyongo. Nusu dirisha lao lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Matokeo aliyoyachapisha mwaka wa 1984 ni kwamba wa miti walitoka hospitalini mapema kidogo na walitumia dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Dirisha tu. Sasa hesabu ni vijana wangapi Nairobi wanauguza mioyo yao wakitazama ukuta wa jirani kwa umbali wa mkono.

Ndiyo maana mtu akipinga mti kukatwa barabarani au uwanja wa mtaa kunyakuliwa, usimwone kama mtu wa kupenda ndege tu. Anatetea mahali ambapo siku moja utataka kwenda kulia bila kuulizwa.

Bado kuna pa bure au karibu bure. Bustani ya Jeevanjee iko katikati ya mji tangu 1906, na nayo mwaka wa 1991 iliponea chupuchupu kugeuzwa maegesho. Bustani ya Michuki iko kando ya Mto Nairobi, mahali palipokuwa jaa la taka. Na huenda kuna mkuyu, mwembe au jakaranda mmoja uliobaki shuleni au kanisani karibu nawe. Oktoba inapofika na jakaranda zinamwaga maua ya zambarau hadi kwenye lami, hata barabara yenye jam inavumilika.

Basi ukiachwa, jaribu hivi. Simu izime, au mwachie mtu unayemwamini. Nenda na rafiki asiye na mawaidha mengi, mchana, mahali penye watu, hasa kama wewe ni dada. Usijilazimishe kutomfikiria, hiyo ni kama kukatazwa kukohoa. Mwangalie mdudu mmoja mpaka ujue anakwenda wapi. Rudi tena wiki ijayo.

Na mawazo yakifika mahali ambapo unataka kujitoa uhai, hapo mti hautoshi. Mwambie mtu leo hii, nenda hospitali. Usiogope kwamba utashtakiwa: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Wewe ni mgonjwa, na mgonjwa hutibiwa.

Yule rafiki yangu fundi bado hajapata mwingine. Ila mvua za masika zilipoanza alinunua mche wa parachichi pale kwa wauzaji wa kando ya barabara, akaupanda nyuma ya kibanda chake ndani ya mtungi wa rangi uliokatwa juu. Wateja wanamcheka, wanamuuliza atakula lini hayo matunda. Anawajibu kwamba hajui, lakini kila asubuhi kabla hajawasha simu hata moja, huo mche ndio wa kwanza kupata maji.